Daktari Aliyekataa Kukata Simu

Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafanya kazi ya uuguzi na Daktari Ragnfrid Mostad kwenye zahanati yetu ya kijiji cha Skarvvika, na sijawahi kumwona akirudi nyuma. Ni mfupi, ana sweta moja la kiangazi na baridi, na ulimi wake hauna breki. Wagonjwa wanamwogopa kidogo na kumpenda sana.

Jumanne moja asubuhi alifungua barua ya hospitali kuu, iliyo mwendo wa saa nne kwa gari na kivuko. Alikuwa amemwandikia bingwa wa moyo kuhusu Torleiv, mvuvi wa miaka sitini na sita anayebanwa na kifua. Jibu: mgonjwa asubiri wiki kumi na moja.

"Kumi na moja!" Akapiga meza, kahawa ikamwagika. "Borghild, niitie Torleiv. Aje sasa hivi!"

Torleiv akaja, kofia mkononi.

"Hospitali walikupigia simu?"

"Walinipigia Ijumaa, daktari. Wana adabu kweli. Wakaniuliza kama maumivu ni makali."

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema si mabaya sana."

Mungu wangu! Nilitamani kumzaba kibao. Watu wa huku ndivyo tulivyo. Jirani yangu alikatwa kidole na mashine ya samaki, akasema si vibaya sana, vimebaki tisa. Daktari wetu anatujua. Wale wa mjini wanaandika kama walivyosikia, basi.

Ragnfrid akapiga hospitali. Mpokea simu akamshauri aandike barua nyingine.

"Nimeandika tatu! Mnasoma mstari wa kwanza mnaenda kula. Nipe Daktari Falkum, huyo bingwa wenu wa moyo."

"Yuko na wagonjwa, mama."

"Hata mimi nina wagonjwa. Nasubiri."

Akaiweka simu mezani, sauti juu, akaendelea na kazi. Akamshona mtu goti, akampima mtoto masikio, na ule muziki wa kusubirisha watu unalia tu. Dakika hamsini! Mimi kichwa kilikuwa kinaniuma, yeye anapiga mluzi.

Falkum alipokuja kwenye simu alikuwa amefura. "Mostad, tuna utaratibu hapa. Mgonjwa mwenyewe kasema hana shida."

"Yuko mbele yangu. Muulize nani amempasulia kuni mwaka huu."

"Kuni? Unanitania?"

"Muulize, bwana!"

Falkum akashusha pumzi. "Haya, Torleiv. Nani amekupasulia kuni?"

Torleiv akawa mwekundu hadi masikioni. Mwanamume wa huku yuko radhi aanguke na shoka mkononi kuliko kumwachia jirani ampangie kuni ukutani, kijiji kizima kikiona.

"Jirani," akasema polepole. "Tangu Pasaka. Nikipasua magogo matatu naona giza. Usiku nalala kitini. Mke wangu nimemwambia ni mgongo."

Machozi yakanitoka, siwezi kuficha.

"Tangu Pasaka?" Sauti ya Falkum ilikuwa imebadilika. "Mpandisheni gari la wagonjwa. Leo hii."

Ijumaa Falkum akapiga mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Walikuwa wamempasua Torleiv na kukuta mishipa mitatu imeziba. Yuko hai, anaomba samaki.

"Zile wiki asingezimaliza," Falkum akasema. "Samahani, Ragnfrid."

"Samahani yako weka mfukoni. Nipe namba yako mwenyewe, nisipitie tena kwenye ule muziki."

"Hairuhusiwi."

"Basi mpigie mke wa Torleiv, umweleze yeye kisichoruhusiwa."

Falkum akaitaja tarakimu moja moja, nami nikaiandika ukutani kwa kalamu nene. Mkuu wa afya wa wilaya alipokuja akataka ifutwe. Ragnfrid akampa kitambaa. "Futa wewe," akamwambia. Hakufuta.

Jana niliipiga mimi, muuguzi tu, kwa ajili ya bibi mmoja wa shamba la juu. Falkum akapokea kwenye mlio wa pili, bado anatafuna. Nikajitaja.

"Sema, Borghild," akasema. "Nakusikiliza."