Jina Ambalo Baba Hakutaka Kulitaja

Nilipokuwa mtoto, nyumba zetu za reli pale Makongeni zilitenganishwa na ukuta mwembamba, na Mama Njeri wa mlango wa pili alijua tumehama kanisa kabla sisi wenyewe hatujazizoea nyimbo mpya. Baba, fundi wa mabehewa, alikuwa mtu wa kutafuta. Alitoka misheni, akaenda kwa watu wa Jumamosi, kisha kwa wale wa kanzu nyeupe na ngoma. Kila alikoingia alibatizwa upya. Kila alipotoka alisema, "Hata hapa roho yangu haijatulia." Tulichoka, jamani! Nilijua kuomba kwa magoti, kwa kusimama na kwa makelele, na sikujua sala ipi inafika.

Ndipo akazaliwa mdogo wangu. Baba alimwita Eliya. Mtoto akalia, akakataa ziwa, akalia tena. Zahanati walisema hana homa. Alikuwa anakonda tukimwangalia, na niliogopa kumshika.

Kukhu, mama yake Baba, alikuja kutoka Magharibi. Alimtazama mtoto mara moja tu.

"Huyu anadai jina lake."

Kwetu mtoto mchanga akilia bila ugonjwa, ni mzee aliyekufa anataka aitwe. Hutajwa majina ya marehemu, moja moja, na likitajwa lake mtoto hunyonya. Kukhu alitaja ya wajomba, ya mashangazi, hata la pacha wake aliyekufa mdogo. Wapi! Likabaki moja, naye hakulitaja.

Lilikuwa la babu. Babu alimfukuza Baba nyumbani siku aliyobatizwa mara ya kwanza, kwa sababu alikataa kula nyama ya tambiko. Babu alipokufa, Baba hakwenda kumzika.

"Aliyekosana naye ndiye amwite," Kukhu alisema.

"Hilo jina halitajwi kwangu, Mama. Hayo ni ya shetani."

Mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kumjibu, aliinuka kitandani, akamwita kwa jina langu. "Baba Rasoa, anayekesha na huyu mtoto ni mimi, si shetani. Taja!"

Baba alitoka nje, akarudi. Akashika Biblia, akaiweka. Akatoka tena. Mama Njeri alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake ya uji. Hatimaye Baba akageukia ukuta.

"Wanyonyi," akasema. Kisha, kwa sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake: "Baba. Wanyonyi, Baba."

Mtoto alinyonya. Labda alikuwa amechoka tu, labda tumbo lilikuwa limetulia. Nimeacha kubishana na watu juu ya hilo. Baba alilia mbele yetu bila kujificha.

Nilidhani sasa tutapumzika. Thubutu! Jumapili iliyofuata alinyoa ndevu, akatupeleka Mathare kwa watu wengine wanaobatiza mtoni. Miaka michache baadaye wakawa vijana wawili wa Kizungu wenye tai, wahubiri wa mlango kwa mlango, aliowakaribisha chai mpaka sukari ikaisha. Nilimkasirikia. Ukubwani nilimcheka.

Siku hizi sicheki. Mdogo wangu alilia, na watu wazima wakakaa kumtajia majina hadi likapatikana lake. Baba naye alikuwa analia, kanisa baada ya kanisa, na sisi tukamwona mkaidi. Aliyeweza kumwita akatulia alikuwa mtu mmoja tu, baba yake, naye alikuwa ameshazikwa.