Koti Lililohesabu Kura

Walisema mtoto wa kambi ya wakimbizi hatasimamia uchaguzi wa Wamarekani hata siku moja. Walisema Louisville, nilipokuwa nikifunga maboksi ghalani. Wakasema tena Columbus, nilipoanza chuo. Diploma ninayo, imetundikwa hapa sebuleni Bujumbura, na aliyecheka aje aisome.

Nilipohamia Buffalo, ukafika uchaguzi wa katikati ya muhula, ule wa wabunge, na mimi nikachukuliwa kusimamia kituo cha kura. Sikuwa na nguo za heshima. Majirani zangu Wakongo wakaniazima: huyu viatu, yule tai. Koti lilitoka kwa mama mjane wa ghorofa ya chini.

"Bon, mwanangu," alisema, "hii koti ilishahesabu kura kwetu. Ilirudi. Bwana yangu hapana."

Nikacheka, nikalivaa. Lilinikaa mabegani kama nimepimwa.

Kazi niliifanya vizuri kuliko waliozaliwa pale. Asubuhi iliyofuata redio ikasema chama kilichoshika bunge kimeanguka. Nikateremka ngazi kwa maringo, koti mwilini, nikakuta jengo zima kimya. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna sufuria iliyogongwa. Jirani aliyeniazima viatu akafungua mlango upenyo tu. Nyuma yake watoto walilala sakafuni na viatu miguuni, mabegi kando yao, ndoo zimejazwa maji.

"Wameshindwa?" akanong'ona. "Donc, wanakuja saa ngapi?"

"Nani, kaka?"

"Wenye kushindwa. Wewe ndiye uliwahesabia."

"Hawaji. Huku wanahama ofisi tu."

"Unasema hivyo na koti ya marehemu?" Akafunga.

Nikatoka nje. Mabango ya vyama vyote viwili yalisimama kwenye theluji, hakuna aliyeyachoma. Barabara tupu. Nikajikuta nimeegemea ukuta, mimi msomi, nikisubiri mlio wa risasi. Haukuja. Koti likazidi kuwa zito.

Jumapili baada ya ibada nilirudisha vyote: viatu vimeng'arishwa, tai imepigwa pasi. Koti likawa la mwisho. Mama alilitazama mkononi mwangu, kisha akatazama nyuma yangu kwenye korido, muda mrefu, kama kuna mtu wa pili anakuja.

"Umerudi nayo," akasema.

"Nimerudi nalo, mama."

Akalitundika nyuma ya mlango na kulifunga vifungo vyote, kimoja kimoja, kama anamvalisha mtu. Tangu siku hiyo hakuna anayenidai.