Alikoumwa na Mbung'o

Nakumbuka siku nilipowauliza wagonjwa wa malale wanakaa wapi, nikaona inatosha. Hilo ndilo kosa langu la kwanza kazini, mwanangu, na hasira yake haijanitoka hata leo unapofunga mizigo kwenda kusomea shahada ya uzamivu ya magonjwa ya mlipuko.

Enzi za Mwingereza nilikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, katika kikosi cha kupima malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, upande wa Kaliua. Elimu ya maradhi niliiokota mwenyewe katika kitabu kilichochakaa. Kwa kuogopa kuonekana mjinga, niliandika daftari langu upya mara tatu, lisiwe na doa. Daktari wetu Mzungu aliahidi kuniandikia barua nikasomee utabibu Uganda. Nikamchorea ramani ya wagonjwa kwa nyumba wanazokaa. Kwa ramani hiyo, kijiji kimoja chenye wagonjwa wengi kikaamriwa kihame, nyumba zivunjwe.

Mama Nyamizi wa kijiji hicho, ambaye mumewe alikuwa mgonjwa, akanifuata mezani mbele ya foleni ya watu waliosubiri kupimwa.

"Shikamoo, mama."

"Sina marahaba ya kukupa. Humo daftarini kuna mwanamke mgonjwa hata mmoja wa kwetu?"

Nikafungua. "Hakuna, mama."

"Mtoto je?"

"Hakuna."

"Na sisi ndio tunaolala kijijini mwaka mzima! Wanaume wanakwenda kurina asali, wanakaa porini wiki nzima, mbung'o wanawauma hukohuko. Wewe unavunja nyumba yangu! Mwandiko mzuri, kichwani hamna kitu."

Foleni nzima ikacheka. Safu ya wanaume na ya wanawake humo daftarini nilizipiga rula mwenyewe, wala sikuwahi kuzisoma!

Nikampelekea daktari ramani mpya, ya porini walikoumwa. Akasema ripoti imeshakwenda, na dresa mbishi hapewi barua. Kwake yeye, watu kuhamishwa bure kulikuwa kitu kidogo kuliko kukiri kosa! Nikapeleka masahihisho mwenyewe bomani, kwa mkuu wa wilaya. Amri ikafutwa, lakini nyumba ya Mama Nyamizi ilikuwa imeshabomolewa. Barua sikuipata.

Basi, mwanangu, usichore chochote kabla hujajua mtu anapita wapi, analala wapi, anafanya kazi gani. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata mwalimu wako akinuna. Mungu akupe macho ya kuona, na moyo wa kukubali kukosolewa na asiyesoma.

Mimi tangu siku ile sikutuma tena ripoti yoyote kabla ya kuwasomea wenye kijiji.