Nani Ataniosha

Tangu nistaafu nimepata ugonjwa wa habari. Asubuhi televisheni, mchana simu, jioni televisheni tena, na mke wangu akipita na kikombe chake cha chai huniuliza kama hao watu wameniajiri. Miaka yote niliyoendesha basi la abiria pale uwanja wa ndege nilijali foleni na hali ya hewa tu. Serikali moja ikaingia, nyingine ikatoka, mimi usukanini. Sasa najua hata majina ya majaji. Najua sauti ya kila mtangazaji, na wote nawachukia.

Tunaishi ughaibuni, Sterling. Nyuma ya mtaa wetu wamejenga yale maghala ya kompyuta yasiyo na madirisha, nayo yanavuma mchana kutwa kama friji iliyokaribia kufa. Mke wangu anasema ameshazoea. Mimi sijazoea. Na mwaka huu kuna kingine nisichoweza kukizoea: magari yenye vioo vyeusi yanayokaa kwenye maegesho ya duka tunakonunua unga wa ugali, askari wa uhamiaji wamo ndani, injini inanguruma, hashuki mtu. Mimi ni raia. Hata hivyo natoka kununua maziwa na pasipoti mfukoni, mzee mzima, na hilo linaniudhi kuliko maumivu ya mgongo.

Lakini hofu yangu haikuwa ya kukamatwa. Nitaisema wazi ingawa ni ya ubinafsi. Nikifa, nani ataniosha?

Kwetu maiti wa kiume huoshwa na wanaume wanaoijua kazi hiyo, na katika jamaa zetu wa hapa tuliobaki tukiijua tulikuwa wawili. Wengine ni hodari wa kuchanga na kupika pilau ya msiba. Ukimwomba mmoja aje akushikie maji, anakumbuka ana zamu. Mwenzangu alikuwa Mkongo wa Maniema, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee. Alikuwa na mikono. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Alimgeuza maiti pole pole, shuka ya stara isisogee hata kidogo, na muda wote akizungumza naye kwa sauti ya chini, akimwita papa, yaani baba: "Pole, papa. Nakugeuza kidogo." Siku moja nilimtazama nikaamua moyoni kwamba mimi nitaoshwa na huyu, na tangu hapo nikawa nalala vizuri.

Karatasi zake za kuishi huku hazikuwa sawa. Kesi yake ilisogezwa mbele kila mara, kisha kibali cha kazi kikaisha muda na hakikurudi. Akaacha kazi. Akaacha kuja msikitini Ijumaa, ambako safu zilishaanza kupungua na hakuna aliyethubutu kuuliza fulani yuko wapi. Nilikuwa nampigia simu.

"Mzee, mimi sitoki tena," aliniambia. "Hata ku magasin, ku duka, ni bibi yangu anaenda."

"Wakili anasemaje?"

"Anasema tungoje. Niko nangoja."

Majira ya baridi akafariki mzee mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiishi Upper Marlboro, mtu wa miraba minne. Nilijua siwezi kumgeuza peke yangu. Nikashika simu nikaiweka, nikaishika tena nikaiweka, mpaka mke wangu akanikataza kabisa. Sikumpigia yule Mkongo. Alinipigia yeye, maana tangazo la msiba lilikuwa limeshaingia kwenye kundi letu la WhatsApp.

"Niko nakuja," alisema.

"Usije. Nitatafuta mtu."

"Mutu gani, mzee?"

Nikamwambia kwa ukali abaki nyumbani kwake.

"Ule mzee alinipokea wakati nilifika huku," alisema. "Haiko muzuri nimuache."

Mwanangu ndiye aliyenipeleka, kwa sababu barabara kuu siiwezi tena. Ana zaidi ya miaka arobaini, anafanya kazi ofisini Arlington, amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote na kukijibu mara nyingi kwa Kiingereza. Alikaa kwenye korido na simu yake. Mimi niliingia kwenye chumba cha kuoshea nyuma ya nyumba ya mazishi, nikapasha maji, nikakata sanda, nikasaga kafuri. Mimi na yule Mkongo, aliyekataa kubaki nyumbani, tulikuwa tumeahidiana kukutana baada ya adhuhuri. Maji yakapoa. Nikayapasha tena. Simu yake iliita mpaka ikajikata, halafu ikawa haiiti kabisa.

Ikaita yangu. Alikuwa mkewe, na hakulia. Alisema mtu ameliona gari lao kando ya barabara, mlango wa dereva wazi, taa zinamulika, na kwenye kiti cha nyuma ndoo na taulo zake za kuoshea. Mwenyewe hayumo. Akaniuliza afanye nini, na mimi niliyekodolea habari macho mwaka mzima nikamtajia wakili mwingine tu.

Nilirudi mezani kwa marehemu nikiwa na hasira hata nikaogopa kumgusa. Kisha nikafungua mlango nikamwita mwanangu.

"Dad, siwezi," alisema. "I don't know how."

"Vua saa. Kunja mikono ya shati."

Akavaa glavu. Nikamwonyesha: upande wa kulia kwanza, stara isiondoke. Tulipomwinua kidogo ili nimbonyeze tumbo alifumba macho, nikamkemea ayafumbue. Baadaye akachota maji, akasita na kopo mkononi.

"Is this too hot for him?"

Ilibidi nigeukie ukutani kwanza. Kisha nikamwambia ajaribu kwenye kiwiko, kama mama yake alivyokuwa akifanya alipomwogesha utotoni. Akajaribu. Tukamwosha mzee wa watu, tukamkafini, na njia nzima ya kurudi hatukuwasha redio.

Zikapita siku, ikaingia simu kutoka namba nisiyoijua. Sauti ya mashine ikaniuliza kama nakubali kuzungumza na mahabusu. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumtia moyo, ya wakili, ya mchango. Hakunipa nafasi.

"Mzee, mulimuosha?"

"Tulimwosha."

"Muzuri?"

"Vizuri."

"Weye na nani?"

"Na kijana wangu."

Nyuma yake nilisikia watu wengi wakisema kwa pamoja, na mlango wa chuma ukifungwa.

"Basi weye uko na mutu," alisema. "Mimi huku nimeuliza wote. Hakuna mwenye anajua kuosha."

Nikaanza kumwambia kwamba yeye bado kijana, kwamba atatoka, kwamba asiseme hivyo. Muda wake wa simu ulikuwa umekwisha, na nilikuwa naiambia mashine.