Mpaka Ilainike

Juma lililopita, kijijini Kingi, huko kwetu Masisi, alifariki mama mmoja ambaye hakujua kusoma hata jina lake, na ndiye aliyenifundisha mimi, mwalimu, namna ya kupanga mawazo. Alifia kitandani kwake, mzee wa kutosha, wajukuu wakiwa karibu. Nililia kidogo, kisha nikashukuru, maana yuko mtu mmoja nyumbani kwangu aliye hai mpaka leo kwa sababu yake. Wasomaji wangu mtanisamehe. Barabara mbovu nilizozoea kuzilalamikia katika safu hii, leo zitasubiri.

Mjukuu wangu anasoma informatike Goma. Majuzi alinionyesha somo lake la kwanza. Kompyuta, aliniambia, haijui kukisia. Unaipa hatua moja baada ya nyingine, unaiambia ikiwa hivi fanya hiki, la sivyo fanya kile, na urudie mpaka jambo fulani litimie. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa, iwapo ninamfuata. Nilicheka sana. Nilimwambia somo hilo nililipata miaka ya hamsini kwenye mtungi wa mihogo, na kwa kutolielewa nusura nimpoteze bibi yake.

Marehemu huyo aliolewa kwetu akitokea Walikale, kwenye joto la msitu, ambako watu wanaijua mihogo michungu tangu utotoni. Sisi wa milimani tulizoea maharage, viazi, na ile mihogo mitamu unayotafuna mbichi ukiwa njiani. Mwaka mmoja mvua iliozesha maharage shambani, tukabaki kuitegemea mihogo michungu, ambayo miche yake ilikuwa imetoka kwao. Mihogo hiyo ina sumu. Isipoloweshwa sawasawa, inaua. Wanawake wakawa wanamiminika kwake kuuliza, leo huyu, kesho yule, hadi akachoka akanijia shuleni. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa miezi michache tu, na kalamu naiweka mfukoni pale ambapo kila mtu ataiona.

"Mwalimu, andika hii maneno nipumuzike," alisema. "Unamenya muhogo. Unaweka mu maji. Kila asubui unafinya. Kama iko nguvu bado, unarudisha mu maji. Kama imelainika mpaka ndani, unatoa, unaanika."

"Siku ngapi, Mama?"

"Mpaka ilainike."

"Mpaka njo siku ngapi?"

Alinitazama, akaona hatuelewani. "Kwetu Walikale, siku tatu. Lakini miye sihesabu siku. Ninafinyaka."

Nikaandika: siku tatu. Nambari ilinipendeza, ilikaa vizuri kwenye karatasi. Kufinya nilikuona ni mambo ya jikoni. Nikanakili karatasi tano. Nne zikaenda kwa majirani, ya tano nikampa mke wangu, naye akaiamini kuliko mikono yake mwenyewe. Sikukumbuka, na mwenye akili timamu angekumbuka, kwamba maji ya Kingi ni ya baridi. Muhogo unaolainika kwa siku tatu kule msituni, kwetu unataka tano, hata sita.

Hayakupita majuma mawili, nikaitwa kutoka darasani saa nane mchana. Mke wangu na mdogo wake walikuwa chini uani, wanatapika, magoti hayawabebi. Watu walikwisha kujaa, na walikwisha kupata mwenye kosa: jirani yetu mjane, ambaye asubuhi ile alituletea mboga ya majani, lengalenga. "Ni yeye njo aliweka sumu," mmoja alisema, na wanaume wawili walikuwa wamemshika mikono. Nami, aibu yangu hii naisema wazi, niliamini.

Yule mama wa Walikale alipofika hakumgombeza mtu. Aliamuru machela iandaliwe ya kuwapeleka wagonjwa hospitali ya Masisi, na wakati inafungwa akaanza kuuliza, taratibu, kana kwamba anachambua mchele.

"Nani alikula lengalenga?"

Watatu, tulimjibu: wagonjwa hawa wawili na mama yangu mzazi.

"Mama ya mwalimu iko wapi? Anaumwa?"

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni, mzima, anasali. Alikula lengalenga ileile kwa viazi, kwa sababu bugali, ule ugali wa muhogo, humkaba.

"Basi hapana lengalenga. Mwachilieni huyu mama." Wakamwachilia. "Nani alikula bugali?" Wagonjwa wawili, hao tu. Akaenda kwenye mtungi uliokuwa na mihogo mingine majini, akachukua kipande, akakifinya. Kilikuwa kigumu. "Hii mutatoa siku gani?"

"Kesho," mke wangu alijibu kutoka chini, kwa shida. "Karatasi inasema siku tatu."

Mama yule alinigeukia. Nilingoja anivue nguo mbele ya watu. Aliuliza tu, "Karatasi ngapi zilitoka?"

"Nne zingine."

"Kimbia."

Nilikimbia vilima vile na viatu vya ualimu mpaka soli moja ikabaki njiani. Nyumba ya kwanza walikuwa bado wanalowesha. Ya pili na ya tatu hawakuwa wameanza. Ya nne bugali ilikuwa mezani imefunikwa, wanamngoja baba atoke shambani. Niliibeba na chungu chake nikaimwaga kwenye shimo, kisha nikaketi kando ya shimo nikalia kama mtoto. Mke wangu na mdogo wake walirudi kutoka hospitali siku ya tatu, kwa miguu yao.

Kwa yule mjane nilikwenda kupiga magoti. Kwa mama wa Walikale nilipeleka karatasi mpya. Aliniambia nimsomee mbele ya wanawake, kisha nifanye mwenyewe yaliyoandikwa, hayo tu, bila kuongeza akili yangu. Nilikuwa nimesahau kuandika "menya", hivyo nikatumbukiza muhogo na maganda yake. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Niliandika upya mara tatu. Na watu walipouliza kilichotokea siku ile, hakusema mwalimu alikosea. Alisema karatasi ilikuwa na kosa, na karatasi inasahihishwa.

Nimefanya kazi na wasomi wengi tangu hapo, wenye haraka ya kupata nambari na haraka kubwa zaidi ya kupata mwenye kosa. Kila nilipotaka kufanya kama wao nilimkumbuka akiondoa sababu moja moja mpaka ikabaki ile ya kweli, hata kama ya kweli ilikuwa mwandiko wangu.

Tulikwenda matangani, mimi na mke wangu, ambaye sasa anatembelea mkongojo na bado ananikumbusha ile karatasi kila nikijifanya najua. Tuliandaliwa bugali ya muhogo. Nilimwuliza msichana aliyeileta, mjukuu wa marehemu, waliulowesha siku ngapi.

"Sikuhesabu, Papa," alijibu. "Nilifinya."

Mke wangu alinawa mikono, akamega tonge la kwanza. Nami nikala, nikaomba niongezwe.