Chuma Kisichoonekana Majini

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha pampu nyuma ya mtaa wa Ndia Kuu, akaniambia humo mwenzangu ni mashine, na mashine haiitikii salamu. Nilicheka. Mwezi wa pili sikucheka tena.

Kazi yetu ilikuwa kutoa chumvi katika maji ya kisima, wanywe kina mama wa zahanati ya uzazi ya jirani. Pampu huyasukuma maji kwenye utando, ngozi nyembamba iliyoviringwa kama mkeka. Maji hupenya, chumvi hubaki. Adui ni chuma. Kisimani kimeyeyuka, hukioni. Kikikutana na hewa hugeuka chembe za kutu, laini kushinda unga, hazizami wala hazinaswi na chujio la mbele. Hupita zikalala juu ya utando, pampu ikazishindilia, zikaganda kama ukoko wa wali. Ndiyo maana mpira uletao maji ya kisima ulizamishwa hadi kitako cha tangi la kupokelea, maji yaingie kimya bila kuchanganyika na hewa.

Kimya hicho kilinishinda. Kwetu Tudor tulikuwa tisa nyumba moja; hapa, Bi Zuhura wa zamu ya asubuhi tulipishana mlangoni tu. Basi nikawa naupandisha mpira, maji yaanguke kutoka juu, yapige soga nami nikiota niko barazani na watu. Nikitoka, naurudisha.

Wiki chache baadaye geji ya presha ilipanda, maji yakapungua, zahanati ikaanza kununua ya madumu. Msimamizi wetu, aliyekaa ofisi ya Shimanzi, akaamua Bi Zuhura haoshi chujio, aachishwe kazi.

Fundi Mkuu alifungua utando mbele yetu sote, akasugua ute wa kahawia vidoleni. "Maji haya yamekula hewa," akasema.

Bi Zuhura alitazama chini.

"Ni mimi, Fundi. Nilikuwa naupandisha mpira," nikasema.

"Nawe wajua haufai kupandishwa?"

"Najua."

"Sasa kwani, mwanangu?"

"Nilitaka kusikia sauti."

Hakunikaripia. Tuliuosha utando kwa asidi ya ndimu kutwa nzima, ikatoka rangi ya chai kavu. Msimamizi akamwacha Bi Zuhura kazini, akanistaafisha mimi, sijaota hata mvi moja.

Ninyi mnaoianza kazi hii, upweke ukiwazidi tokeni mkamsalimu jirani. Mimi nikipita Ndia Kuu hubisha chumba cha pampu kwa Bi Zuhura. Hunifungulia, nikasimama mlangoni kidogo kusikiliza. Maji yanaingia tangini, wala sisikii kitu.