Belti ya Redio Kaseti ya Mama Lea

Habakuki Semboja wa Masuguru, pale Korogwe, ni mtu wa hasira na hajawahi kulificha hilo. Alistaafu ufundi wa simu akiwa amegombana na mabosi watatu, na mpaka leo akipita mlangoni pao anatazama upande wa pili. Lakini siku ya kuanua matanga ya mkewe watu walitaka acheke. Hilo linamchoma hadi sasa.

Mkewe, Mwalimu Elina, alifundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nyumbani alikuwa na kompyuta ya mwaka 1984, kibodi nene ya kuchomeka kwenye televisheni, aliyoachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea. Ukiizima inasahau kila ulichoandika, labda uwe umekihifadhi kwanza kwenye kanda ya redio kaseti. Nyuma yake kulichomekwa kikasha cheusi cha kuenea kiganjani, na Elina alikipenda kikasha hicho kuliko mashine yenyewe. Kazi yake ilikuwa kumsaidia mtu anayeandika programu. Kilimpa namba ya kila mstari bila yeye kuiandika, kilimtafutia neno alilolipoteza, na programu ikifutika kwa bahati mbaya, kiliirudisha kwa amri ya neno moja, mradi umeme haujakatika.

Alipougua, vidole vikawa vizito. Akawa anaandika mistari mitano kwa siku, kikasha kikimhesabia. Alikuwa anamtungia mumewe programu. Habakuki alionyeshwa mara moja tu. Televisheni iliuliza: BABA LEA, DAWA YA PRESHA UMEMEZA? Akajibu HAPANA. Ikaandika: NDIYO MAANA UMEFURA KAMA ANDAZI. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Kuna magombezo mengine mia mbili humo," Elina alisema. "Nikiondoka, nani atakugombeza?"

Tatizo lilikuwa redio kaseti. Belti yake, ule mpira mwembamba unaozungusha kanda, ilikuwa imekatika, kwa hiyo programu haikuwa imehifadhiwa popote. Mashine ikaachwa inawaka usiku na mchana. Habakuki aliiunganisha na betri ya sola ili umeme ukikatika isizimike, akajiona amemaliza kazi.

"Baba Lea, belti umenunua?"

"Kesho."

Aliulizwa mara tatu, akajibu hivyo hivyo mara tatu. Jumapili Elina akafariki.

Siku ya kuanua matanga alikuja Ukasha kutoka Kwaluguru. Ukoo wake na ukoo wa Elina ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani ana ruhusa zote. Anamwigiza marehemu, anakamata vitu vya nyumba hadi mwenye navyo avikomboe, na hakasirikiwi. Ukasha akavaa miwani ya Elina na kanga yake, akafunua kitenge kilichofunika mashine, akakaa.

"Fungueni madaftari! Semboja, simama, saba mara nane!"

Watu wakavunjika mbavu. Ukasha akachapa vitufe kwa kidole kimoja, kisha akaminya kitufe chekundu cha kwenye kikasha. Skrini ikawa tupu. Habakuki alitabasamu kwa taabu, maana alijua lile neno moja la kuirudisha programu, akaanza kupita katikati ya wageni. Hakuwahi kufika. Ukasha alikuwa ameshakichomoa kikasha, amekiinua juu.

"Kikombolewe kwa jogoo!"

Televisheni ikajaa chengachenga, maana kukichomoa mashine ikiwa inawaka ni kuivuruga kumbukumbu yote. Habakuki alimpokonya kikasha, akazima, akakichomeka, akawasha. Hakuna kitu. Akamkaba mtani huyo koo mbele ya waombolezaji.

"Umemuua mara ya pili, mshenzi wewe! Toka kwangu!"

"Shemeji, mwachie! Huyo ni mtani!" Grasiana, dada wa marehemu, alimvuta shati. Wazee wakaguna. Kumkasirikia mtani ni aibu, na aibu hiyo ikamwongezea Habakuki hasira, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uchungu wa mashine ile ila yeye.

Ukasha alivua miwani, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mzee wangu. Sikujua. Kwani vilivyokuwamo havikuhifadhiwa popote?"

Habakuki alimchukia kwa swali hilo kuliko kwa alichokitenda.

Kesho yake alitembea kwa miguu hadi Old Korogwe kwa Dennis, fundi redio, akiwa amekunja uso na amejiandaa kugomba kama belti haipo. Dennis aliitoa kwenye droo, imefungwa kwenye karatasi yenye jina la Habakuki.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba. Mwalimu alinipigia simu mwezi uliopita, akasema utaipitia."

Nyumbani Habakuki aliifunga mwenyewe. Kazi ya dakika kumi. Kanda ikazunguka vizuri, akaiangalia inavyozunguka na kutamani kuitupa nje.

Kisha akakaa mbele ya mashine, akakiamuru kikasha kimpe namba kama alivyokuwa akifanya Elina. Kikampa 10, kikasubiri. Alitafuta yale magombezo mia mbili, hakulijua hata moja zaidi ya lile la andazi. Lililomjia kwa sauti ya mkewe lilikuwa jingine. Akaandika: BELTI UMENUNUA?

Kikasha kikampa 20. Jibu alilijua, lile lile la mara tatu, lakini hakuliandika. Alikaa hapo na hasira zake zote, na safari hii hapakuwa na mtani wa kumkaba.